Spika Nne za Agnes Simbeye

Baada ya miaka kumi na tisa katika redio yetu hapa Tunduma, Bi. Agnes Simbeye, fundi mitambo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliajiriwa kupokea matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea. Miaka minne baadaye alikuwa ndiye mwenye mitambo, na hakuna aliyethubutu kugusa waya bila idhini yake.

Miaka miwili iliyopita alitushangaza. Mama yake, aliyechemsha chumvi kijijini Ivuna, kando ya ziwa, maisha yake yote, alipoteza uwezo wa kuona, akahamia kwa Agnes. Kutwa alisikia malori ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde tu, akawa mnyonge, hata chakula kikamshinda. Agnes aliogopa mama atafia ugenini. Akaamua kumtungia Ivuna.

Alimwomba mtayarishaji wetu wa vipindi, Ikram, amfundishe kutunga muziki kwa kompyuta. Tulicheka, tukome! Alienda Ivuna kurekodi moto, maji yanayochemka, ng'ombe na upepo wa ziwani, akavigeuza kuwa mapigo na milio mirefu. Mwanzoni alizidisha mwangwi hadi ng'ombe wakawa kama wamefungiwa ndani ya tangi. Siku moja alifuta kazi ya wiki mbili kwa kitufe kimoja, akaenda zake kunywa chai. Kisha likaja gumu zaidi: kuzigawa sauti kwenye spika nne ili zimzunguke msikilizaji, kila moja mahali pake.

Tulibeba spika hadi sebuleni kwake. Mama alisikiliza, kisha akasema tu, "Hapa si kwetu." Agnes alitoka nje akalia.

Ikram ndiye aliyemuuliza mama kosa liko wapi. Kumbe Agnes alipanga sauti kama anavyosimama mgeni, uso ukielekea ziwani. Mchemsha chumvi huligeuzia ziwa mgongo, ili upepo umwondolee moshi usoni.

Agnes akapanga upya: moto mbele, ng'ombe upande wa kulia, upepo wa ziwani nyuma. Jumapili iliyofuata, sauti zilipoanza, mama alikusanya kitenge chake magotini kisirukiwe na cheche. Kisha akaanza kuwasalimu, mmoja mmoja kwa majina, wanawake waliokuwa wakikaa naye kwenye moto ule.

Agnes, ahsante kwa kutushikia mitambo, na kwa kuturuhusu tuwepo sebuleni Jumapili ile. Tunakupenda, na redio itapwaya bila wewe. Uwe na afya njema, mapumziko matamu, na miaka mingi ya kukaa karibu na mama.