Risala ya Washonaji wa Nyamugari Juu ya Damu ya Yasmina

Ukaribisho
Mgeni rasmi, Daktari wetu wa mkoa, karibu Nyamugari. Umekuja kufungua chumba kipya cha maabara cha kituo chetu cha afya. Rangi yake bado inanukia. Mapazia tumeyashona sisi, na kabla hujayafungua tunakuomba utusikilize.

Tulikotoka
Sisi ni wasichana na kina mama wa mashine za kushonea. Wengine tulizaliwa mtaa huu, wengine tulikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi.

Mafanikio
Tumeshona sare za wanafunzi wa Mushasha, nazo zinavaliwa. Hayo yanatosha. Leo si siku ya sare.

Changamoto
Changamoto yetu ni moja: mwenzetu Yasmina. Mwenyewe ameturuhusu tumtaje, maana wasiostahili kulitaja jina lake wameshalitaja sana.

Hapa kwetu, siku ya kupanga mahari, majibu ya damu ya wachumba hufunguliwa mbele ya wazee wa pande zote mbili na kusomwa kwa sauti. Desturi hiyo tuliianzisha wenyewe, tukidhani tunawalinda watoto wetu. Yasmina alikuwa aolewe na Mahmudu wa Muyinga. Akapimwa virusi vya ukimwi kwenye kituo hiki, kwa kipimo cha haraka, na kipimo kikaonyesha anavyo. Kanuni inataka damu hiyo ipimwe tena kwa kipimo cha aina nyingine, kisha cha tatu, kwa sababu cha kwanza huweza kukosea. Muuguzi akampa bahasha iliyofungwa: "Dada, ile kipimo ingine imeisha. We chukua hii, iko na muhuri." Yasmina hakujua "ile ingine" ilikuwa ya nini.

Siku ya mahari, jibu likasomwa sebuleni kwa kina Yasmina. Mama yake Mahmudu akasimama. "Eh! Mnataka nizike mtoto wangu? Twende!" Hata chai hawakunywa.

Tukampeleka Yasmina Muyinga kulekule, akapimwa kwa vipimo vyote, akarudia baada ya wiki kadhaa. Hana virusi. Mahmudu alikuwa ameshamwoa Layla. Naye Mahmudu alisomwa "safi" sebuleni humo, na hakuna aliyeuliza kama alipimwa mapema mno, maana virusi vipya hukaa wiki kadhaa kipimo kisivione. Hatusemi anavyo. Tunasema hakuna anayejua.

Yasmina hayupo hapa. "Nendeni mumwambie Daktari," alituambia. "Mi niko nashona, nani atavaa? Nipige hodi kila mlango niseme mi siko mgonjwa?"

Maombi
Jibu la kwanza lisipigwe muhuri peke yake. Vipimo vya pili na vya tatu viwepo. Chumba kizuri hakipimi damu. Na leo, kwa kipaza sauti hicho, sema kwamba Yasmina hana virusi.

Tunaomba tukijua haitatosha. Shangazi yake amelisoma jibu la Muyinga, na bado anamtengea kikombe cha peke yake. Na hata angekuwa navyo, kikombe ni cha nini?

Tamati
Mungu akufikishe nyumbani salama, akupe afya na majibu ya kweli kila utakapopimwa.

Kamati ya kituo ilituagiza tumalizie kwa kuomba radhi, kwa kuwa mwezi uliopita tuliuziba mlango wa kituo kwa mashine zetu, tukakaa hapo mpaka adhuhuri. Agizo tumelisikia.

Sisi, washonaji wa Nyamugari, hatuombi radhi.