Bi Subiri wa Chumba cha Ushauri

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwalimu wetu wa ushauri atarudisha kitambulisho chake ofisini na kuwa mstaafu. Jina lake kamili limeandikwa kwenye mwaliko. Hapa nitamwita kama anavyoitwa na shule nzima, kuanzia mlinzi wa lango hadi mkaguzi wa elimu: Bi Subiri. Jina hilo alipewa na watoto, kwa sababu kila aliyeingia chumbani mwake na kutangaza kwamba ameshaamua atasoma nini sekondari alijibiwa vilevile: "Subiri kwanza."

Kamati ya sherehe imenitwika mimi kazi ya kuandika, ingawa nafundisha hisabati na mambo ya maneno huwa nawaachia wengine. Walisema darasa langu na chumba chake vimetenganishwa na ukuta wa plaiwudi, kwa hiyo hakuna anayemjua zaidi yangu. Kweli, kwa miaka ishirini nimefundisha milinganyo upande huu huku upande wa pili watoto wakipanga maisha. Hata hivyo nilimwomba ruhusa kwanza, maana nilitaka kueleza na ya nyumbani kwake. Alinijibu bila kuinua uso: "Andika, ila usinililie."

Nitajitahidi.

Alipoajiriwa hakuwa mshauri wa mtu. Alikuja kufundisha ushonaji, na wakongwe wanasema mapazia ya ukumbi, yale ya kahawia yanayokwama katikati, ni kazi ya darasa lake la kwanza. Baadaye ukaja utaratibu mpya: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya kati wachague wenyewe masomo ya kuendelea nayo sekondari, na kila shule iwe na mtu wa kuwaelekeza. Mwalimu mkuu wa wakati huo akauliza kikaoni nani anajitolea. Walimu wote ghafla wakapenda kutazama dari. Yeye alikuwa amesimama anamimina chai, na kusimama kwake kukachukuliwa kuwa ni kukubali.

Akapewa stoo ya vifaa vya michezo. Mipira ikahamishwa, harufu ya mipira ikabaki. Akaweka viti viwili ubavu kwa ubavu, si kwa kutazamana, kwa sababu aligundua mapema kwamba mtoto husema kweli zaidi akiwa anaangalia dirishani.

Watu hudhani kazi hii ni ya kujaza fomu. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne akiacha fizikia leo kwa sababu mwalimu wake ni mkali, kuna kazi ambazo ameziaga bila kujua, na atakuja kujua akiwa mtu mzima. Bi Subiri aliwaeleza hayo mmoja mmoja, kwa sauti yake ileile ya chini, kana kwamba ni mara ya kwanza kueleza. Aliwahi kujiwa na kijana aliyetaka kusoma yote: sayansi zote, lugha zote, biashara, kilimo na muziki. Hakumkatalia. Alimpa karatasi na kumwambia apange ratiba yake mwenyewe ya wiki. Kijana akapanga kwa furaha mpaka akajikuta na kipindi cha kemia Jumapili alfajiri. Akaomba kifutio.

Halafu kulikuwa na marafiki wanne walioapa kuchagua masomo yaleyale ili wasitengane. Aliwaita kila mmoja kwa wakati wake. Wakatoka na chaguo nne tofauti, wakanuniana wiki nzima, na kila mmoja kwa siri akaja kumshukuru.

Siku moja aliingia baba mmoja dereva wa lori, funguo bado mkononi, akatangaza kwamba binti yake atasoma biashara na mjadala umefungwa. Bi Subiri alimkaribisha kiti, akamuuliza, "Wewe baba, ungeulizwa wakati ule, ungechagua nini?" Upande wangu wanafunzi walikuwa kimya wakifanya jaribio, na upande wa pili nikasikia funguo zikiwekwa chini. Mwishowe yule baba akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza." Akaondoka bila kusaini. Jumatatu alirudi, akasaini kile alichokitaka binti.

Mambo kama hayo yanachekesha na kufurahisha kusimuliwa, lakini kazi yake ina upweke ambao sisi wa madarasani hatuujui. Sisi mtoto tunaye mwaka mzima, tunamwona akirefuka. Yeye humpata mara mbili tatu, katika siku ambazo mtoto ana wasiwasi kuliko siku zote, kisha mtoto huvuka na kwenda. Akifaulu sekondari, shangwe ni za huko. Nimehudhuria mahafali mengi, na sijawahi kusikia mtu akimshukuru kwenye kipaza sauti mwalimu aliyemwambia asiache kemia. Saa ya chakula sisi hukaa pamoja katika chumba cha walimu, tunabishana kuhusu mpira na bei ya sukari. Yeye alikula chumbani mwake, mlango wazi, kwa sababu watoto wenye haya huja wakati wenzao hawawaoni. Siku nyingi hakuja mtu. Nikirudi mapema darasani kwangu, nilikuwa nikisikia kijiko chake.

Sasa nifike kwenye lile la nyumbani.

Bi Subiri hakujaliwa mtoto. Dada yake mkubwa alipofariki, aliacha binti wa miaka saba, na Bi Subiri akamchukua. Binti alimwita Mamdogo, na kwa miaka mingi wawili hao walikuwa kama kiatu na soksi. Walikuja shule pamoja, wakarudi pamoja. Binti huyo alikuwa na mkono wa ajabu. Cherehani ya mama yake mdogo aliifungua yote akiwa darasa la tano, akaitandaza sakafuni, na alipoirudisha ikashona vizuri kuliko awali, ingawa skrubu mbili zilibaki na mpaka leo hazijulikani zilikuwa za wapi.

Alipofika mwaka wa mwisho, zamu yake ya kuchagua ikafika. Bi Subiri alikuja darasani kwangu akaniomba niketi na binti badala yake. "Nikimshauri mimi," alisema, "sitajua kama naongea kwa ajili yake au kwa ajili yangu."

Sote tulijua masomo yanayomfaa: fizikia, uchoraji wa kiufundi na mitambo. Tatizo lilikuwa moja tu. Sekondari ya wasichana yenye masomo hayo ilikuwa ya bweni, mbali sana, safari ya mchana na usiku kwenye basi. Sekondari ya karibu, ile ya kutwa nyuma ya soko, ilikuwa na sayansi nzuri lakini ufundi haikuwa nao. Binti aliketi mbele yangu na kuandika shule ya karibu, haraka haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Nikamuuliza, "Na mitambo?"

"Siipendi tena."

"Tangu lini?"

Akatazama ukuta wa plaiwudi, akashusha sauti. "Mwalimu, nikienda huko, Mamdogo atabaki na nani? Atarudi nyumbani aongee na nani?"

Nilimwambia kwamba siwezi kumficha Mamdogo wake jambo hilo, na yeye akaanza kulia bila sauti. Lakini sikuhitaji kumwambia Bi Subiri kitu. Jioni ile Bi Subiri alisimama mlangoni kwangu na mkoba begani. "Amekudanganya, sivyo?" alisema. "Wiki ya tatu hii hajagusa hata bisibisi. Anajilazimisha kuisahau."

Kesho yake alimwita binti chumbani kama anavyomwita mwanafunzi yeyote. Nililisikia lile swali alilowauliza watoto wote: "Kama kusingekuwa na mtu wa kumfurahisha, wala wa kumwogopa, ungechagua nini?"

"Mamdogo, usiniulize hivyo."

"Hapa mimi ni mwalimu. Jibu."

"Mitambo."

"Basi andika."

"Na wewe je?"

"Mimi si somo, mwanangu. Huwezi kunichagua."

Kisha Bi Subiri akasema, kwa sauti ya uchangamfu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba isitoshe ameshapata mpangaji wa kile chumba cha binti, muuguzi wa hospitali, dada mcheshi kweli kweli, atahamia mara tu binti akiondoka. Binti akaandika.

Muuguzi huyo hakuwepo. Mimi na mke wangu tulikwenda kumjulia hali Bi Subiri mwezi uliofuata, tukakuta nyumba tulivu kama maktaba. Mke wangu akauliza mpangaji yuko wapi. Bi Subiri akaweka vikombe mezani, akasema, "Yuko kwenye simu tu." Kila wiki binti alipopiga kutoka bwenini, alisimuliwa habari za muuguzi: jinsi anavyoimba akifua, jinsi anavyozidisha chumvi, jinsi alivyogombana na kinyozi wa jirani halafu wakapatana. Binti alipokuja likizo, muuguzi alikuwa amekwenda kwao. Likizo nyingine, yuko zamu mfululizo. Miaka ikaenda. Binti akaingia chuo kikuu, akawa mhandisi, akapata kazi ng'ambo. Kutoka huko akatuma zawadi, na ndani yake skafu ya sufu ya "dada muuguzi". Bi Subiri alimletea mke wangu skafu hiyo. Mke wangu aliikataa. "Ivae wewe," alimwambia, "maana muuguzi ni wewe." Bi Subiri akaikunja, akaondoka nayo. Sijamwona akiivaa.

Nasema haya hadharani kwa sababu si siri tena. Mwezi wa nane mwaka huu mhandisi wetu alikuja nyumbani na mumewe, na akapita shuleni kunisalimia. Tulisimama uwanjani, nikawa naona haya kwa yale niliyoyajua. Yeye akatabasamu.

"Mwalimu, nilijua tangu likizo ya kwanza. Kitanda kilikuwa kama nilivyokitandika mimi mwenyewe, hata ule mkunjo wa shuka pembeni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningebaki. Na Mamdogo asingenisamehe. Kwa hiyo nikawa namuuliza habari za muuguzi. Ndiyo njia pekee aliyokubali ya kuniambia siku yake imekwendaje."

Usiku huo alimwambia Mamdogo wake. Nimeambiwa walicheka mpaka jirani akachungulia ukutani, wakamtafutia muuguzi hatima, wakamwoza kwa yule kinyozi na kumhamishia mji mwingine. Binti akamwomba afungashe waende wote, akisema nyumba yao huko ina nafasi. Bi Subiri amesema atafikiria. Binti alirudi na mumewe mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na mpaka leo anasubiri jibu huko. Hapa sina la kuongeza. Wengine mngependa niandike kwamba ameshakata tiketi. Hajakata.

Mafanikio yake kikazi yanajulikana. Chumba cha ushauri kilikuwa stoo, leo shule jirani huja kutazama kinavyofanya kazi. Siku ya Maswali, ambapo watu wa kazi mbalimbali huja kuhojiwa na watoto, ilianzishwa naye, na ni yeye aliyesisitiza kwamba fundi bomba apewe muda sawa na daktari. Kwa miaka mingi hakuna mtoto wetu aliyefika sekondari akagundua kwamba aliacha somo asiloweza kulirudia. Hilo halionekani kwa macho, kwa sababu ni jambo ambalo halikutokea, nasi watu wa hisabati tunaliheshimu sana.

Jumatano iliyopita alikabidhi funguo za chumba kwa mtunza stoo. Saa nane mchana akatokea msichana aliyekuwa ameugua wakati wa zamu za darasa lake, karatasi mkononi, macho yamemtoka. Mtunza stoo alikuwa ameshaondoka. Bi Subiri akavua koti, akalitandika kwenye ngazi ya kwenda ghorofani, wakaketi. Walizungumza mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Nilikuwa juu, nikashindwa kushuka kwa sababu walikuwa wameziba njia. Msichana alipomaliza alisema ahsante, akaruka ngazi mbili mbili, akawakimbilia wenzake waliokuwa wakimwita langoni.

Bi Subiri alibaki pale akimtazama. Uwanja ukaanza kutulia, sauti zikapungua moja moja. Nikashuka, nikakaa karibu naye. Alisogeza mkoba kunipa nafasi.

"Hakugeuka hata kidogo," nikasema.

"Akigeuka ujue nimekosea mahali," akajibu. Lakini aliendelea kutazama lango mpaka mlinzi alipolifunga.

Bi Subiri, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa shule hii tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na kengele. Na ukipita njia hii, ingia.