Erasmo Kinunda Hakufa Jumatatu

Baba Paroko, mama yetu Rosa, ndugu zangu wa Mapera, wakwe zetu mliopanda milima kutoka Liuli, na ninyi wageni wa Dar es Salaam: Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Restituta Kinunda, dada wa marehemu, mwalimu mstaafu. Kijitabu mlichopewa pale mlangoni kimetengenezwa na ofisi ya marehemu. Karatasi inang'aa na picha imetoka vizuri. Ukurasa wa kwanza unasema ndugu yetu alifariki Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025. Si kweli. Nitasoma wasifu huu kwa utaratibu wake, kuanzia kuzaliwa, na tukifika kwenye kifo nitasema kwa nini nimekasirika. Anayefikiria kuzima kipaza sauti asijisumbue. Nimefundisha darasa la watoto tisini.

Erasmo Tarsisi Kinunda alizaliwa hapa Mapera tarehe 3 Novemba 1972, mtoto wa tatu wa mzee Tarsisi, ambaye ni marehemu, na mama Rosa. Baba alikuwa mkali wa kalamu kuliko wa fimbo. Barabara ya Makambako ilipojengwa, alikwenda kufanya kibarua kambini miaka mitatu, akawa anatuma barua. Mama hajui kusoma, na mimi nilikuwa bwenini Songea, kwa hiyo msomaji wa barua nyumbani alikuwa Erasmo, darasa la tatu. Baba aliandika: "Kahawa isipopaliliwa, nikirudi tutaonana." Erasmo alisoma: "Mke wangu, najua unahangaika na kahawa peke yako, Mungu akutie nguvu." Baba aliporudi alikuta shamba safi na jogoo amechinjwa, akashangaa kapendwa tangu lini. Tumeicheka habari hiyo miaka arobaini.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Mapera, 1980 hadi 1986, kisha sekondari Songea na Iringa. Mwaka 1994 alikwenda Dar es Salaam kusomea uandishi wa habari, akiwa na suruali mbili na gunia la maharage ya mama, ambalo aliligawa bwenini kwa kipimo cha kikombe mpaka likampatia marafiki wa kudumu. Alihitimu stashahada yake mwaka 1996.

Alianza kazi kama mwandishi wa gazeti, akawa afisa uhusiano wa kampuni moja ya bima, na tarehe 4 Mei 2009 akafungua kampuni yake ya uhusiano kwa umma katika vyumba viwili huko Kinondoni. Aliiita Ntambo, jina la nyumbani, maana kwetu Wamatengo ntambo ni mteremko wa ardhi wanakokaa ndugu wa babu mmoja. Mwaka 2014 alifungua ofisi ndogo Mbinga mjini. Sitamnyima sifa zake. Mwaka 2016 watu wa Kingerikiti walikuwa wanavusha wagonjwa mtoni kwa kamba. Erasmo aliwaleta waandishi wanane, akawavua viatu, akawavusha kwa kamba ile ile. Daraja lilijengwa mwaka huo huo. Alikuwa akitaka jambo lijulikane, linajulikana nchi nzima kabla ya jioni.

Na akitaka lisijulikane, halijulikani. Mwaka 2019 mteja wake mmoja mwenye mashine ya kukoboa kahawa alimwaga maji machafu kwenye kijito huko Namswea. Ntambo walitoa taarifa baada ya siku tisa. Siku zote hizo wanawake walikuwa wanachota. Nilimpigia simu nikamuuliza kama ana akili timamu. Akanijibu kwa upole wake ule: "Dada, sijasema uongo. Nimesema baadaye tu." Ofisini kwake aliandika ukutani kwa herufi kubwa: HABARI MBAYA HAINA HARAKA. Vijana wake walijifunza hapo, na walijifunza vizuri.

Tarehe 22 Septemba 2001 alifunga ndoa na Eliza Nazari wa Liuli, binti wa Kianglikana wa pwani ya Nyasa. Siku alipokwenda kujitambulisha alipikiwa samaki wa ziwani, mbasa mzima. Mtu wa milimani hajui miiba. Mwiba ulimkwama kooni, machozi yakamtoka, na wakwe walipomuuliza akasema analia kwa utamu. Wakamwongezea mwingine. Wifi yangu Eliza alitutangulia mwaka 2018. Waliacha mtoto mmoja, Dorothy, ambaye anasoma chuo kikuu Dodoma.

Erasmo alianza kuumwa mwezi Januari mwaka huu. Lilikuwa ini. Hatukujua. Tulipopiga simu alikuwa Arusha kwenye semina, alikuwa Mwanza kwa mteja, alikuwa mkutanoni. Tarehe 2 Juni alilazwa Dar es Salaam, ndipo akaniambia, nami nikafunga begi. Akanikataza. "Dada, usije kwanza. Ukija wewe, nyumbani watajua. Wakijua nyumbani, wateja watajua." Nikamtii. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimewafundisha watoto methali hiyo miaka thelathini na sita, kisha nikalifungua begi langu na kurudisha nguo kabatini. Hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.

Sasa kifo. Jumamosi tarehe 14 Juni, mama alimpigia Erasmo mara tatu, simu ikaita bila kupokelewa. Saa kumi na moja jioni ukaingia ujumbe kutoka namba yake. Mama akaniletea jikoni, nikamsomea: "Shikamoo mama. Naendelea vizuri sana. Madaktari wamesema wiki ijayo natoka. Usiwe na wasiwasi." Erasmo hakuwahi kumwandikia mama ujumbe maishani mwake. Alijua hajui kusoma. Alikuwa anapiga. Nilipaswa kushtuka, lakini mama alikuwa ameshapiga kigelegele, na mimi nilitaka iwe kweli.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Utatu Mtakatifu, na wengi wenu mlikuwepo. Mlimwona mama, miaka themanini na moja, akipeleka altareni jogoo na kikapu cha mahindi. Mlimsikia katekista akisoma nia ya misa: shukrani kwa uponyaji wa Erasmo Kinunda. Mlipiga makofi. Mama alicheza mpaka kwenye benchi lake.

Jumatatu mchana akapiga simu Hamphrey, msaidizi wa marehemu, yule pale mwenye tai nyeusi. Akasema, "Dada, bosi ametutoka leo asubuhi." Mimi na mdogo wetu Joakim tukapanda basi. Jumatano, kule chumba cha maiti, nikaomba karatasi ya hospitali. Imeandikwa kwa wino wa bluu: Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Nilimuuliza Hamphrey pale pale mlangoni. Alilia. Akasema, "Dada, Jumapili tulikuwa na uzinduzi wa boti ya mteja Mbamba Bay. Bosi mwenyewe aliagiza, likitokea lolote, shughuli ipite kwanza."

Hilo naliamini. Namjua ndugu yangu.

Nikamuuliza, "Na kumwandikia mama nalo aliagiza?"

Akasema, "Hapana, dada. Mama alikuwa anapiga, anapiga. Nikashindwa. Nikaona nimtulize."

Basi alimtuliza. Jumapili ile ngoma zinapigwa ufukweni Mbamba Bay, na Hamphrey ameshika kipaza sauti, Erasmo amelala kwenye jokofu siku ya pili, na mama yake anacheza kanisani kwa kupona kwake. Ninyi mliopiga makofi mmedanganywa pamoja naye. Hata jogoo yule alitolewa kwa uongo. Nimeambiwa na wazee nisiyaseme haya kaburini, eti ni aibu. Aibu ya nani? Mama alinyimwa siku mbili za kumlilia mwanawe, na hakuna wa kumrudishia.

Wapo wanaosema siku mbili ni nini, mtu keshakufa. Katika nyumba ya Kikatoliki tarehe ya kufa ndiyo tarehe ya misa yake, kila mwaka, mpaka wajukuu. Sitakubali mama amwombee mwanawe kwa kalenda ya boti. Asubuhi hii Florian fundi amefuta 16 kwenye msalaba akaandika 14. Rangi haijakauka, msiiguse. Mwenye kalamu asahihishe kijitabu chake hapo alipo. Nitasubiri.

Marehemu ameacha mama yake, Rosa. Binti yake, Dorothy, ambaye naye alitumiwa ujumbe kama ule na akaujibu kwa picha ya maua. Dada yake, yaani mimi. Mdogo wake, Joakim. Na wapwa kumi na mmoja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Nilimpenda mno, na bado nimemkasirikia, na yeye angejua maneno ya kuyaweka hayo mawili pamoja. Mimi sijui.

Ratiba inasema baada ya wasifu ni salamu za ofisi. Vijana wa hapa walitaka Hamphrey asipewe nafasi. Jana tulimuuliza mama, akasema, "Mwacheni aseme. Ila aanze na siku aliyokufa mwanangu. Nataka kuisikia kwake." Jeneza halitashuka kabla ya hapo.

Mungu ampokee Erasmo na kumpa raha ya milele. Hamphrey, njoo mbele. Mama anakusikiliza.