Mzee Murungi Mutembei, Msikilizaji wa Chuma

Ting. Ndivyo kilivyolia kibao kizima cha tingatinga kikigongwa kwa nyundo, na ndivyo wengi wetu tunavyomkumbuka Mzee Murungi Mutembei: amechuchumaa kando ya mnyororo wa chuma, kichwa kimeinama, anasikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1963 karibu na Laare, mtoto wa tatu wa Mzee Mutembei na Mama Ciakuthii, wakulima wa miraa. Alisoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1977, kisha akajifunza ufundi wa magari mjini Meru.

Mwaka 1985 aliajiriwa Embu na kampuni ya kujenga barabara. Kazi yake ilikuwa kukagua vibao vya chuma vya mnyororo, ambavyo tingatinga hukanyagia. Kila asubuhi alipima meno yaliyolika, akakaza bolti, akagonga vibao vyote sabini na nane akitafuta ufa. Kibao kikikatika mteremkoni, mnyororo huweza kuchomoka na mashine ikaporomoka na dereva wake. Aliliona hilo kwa macho yake mwaka 1991, wakamzika dereva. Hatutaficha: tangu siku hiyo marehemu alikuwa mtu wa hofu.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na Ednah Ruguru wa Embu. Waliishi mtaa wa Majimbo, kisha mtaa wa Dallas, huko huko Embu. Nyumbani alikagua kila kitu, hata miguu ya viti kabla ya wageni kukaa.

"Na mimi ulinikagua?" Ruguru alimuuliza.

"Wewe nilikuogopa. Sikuthubutu kugonga."

Mwanzoni mwa 2023 masikio yake yalianza kuziba. Hakumwambia mtu, isipokuwa Nelius, mama wa chai langoni mwa yadi ya kampuni. Yeye aligonga, Nelius akasikiliza.

"Hiki kimelia, baba!" Nelius alimpigia kelele, birika mkononi. "Hiki kimekohoa!"

"Una hakika?"

"Gonga kingine, chai inapoa!"

Alhamisi tarehe 15 Februari 2024 Nelius aliuguliwa na mtoto, hakuja. Marehemu aligonga peke yake, hakusikia kitu, akatia sahihi kwamba vibao ni vizima. Tingatinga likapelekwa kukata barabara kwenye mteremko juu ya mto. Dereva alikuwa Gachoki, mume wa binti yake Kinya.

Saa nne hofu ilimshinda. Alipanda bodaboda, akalikuta tingatinga likikaribia ukingo, akasimama mbele yake na kunyoosha mikono.

"Mzee, toka hapo!" Gachoki alipaza sauti.

"Shuka, Gachoki!" vibarua wakacheka. "Mkweo amekuja kukunyang'anya bibi!"

"Zima!" akasema marehemu. "Sisikii! Mwaka mzima sisikii!"

Kicheko kikakatika. Gachoki alizima, akashuka, akagonga vibao vyote mwenyewe. Vyote vilikuwa vizima. Hata hivyo jioni hiyo marehemu alirudisha nyundo ofisini. Gachoki ndiye aliyeomba jambo hili lisomwe leo. Anasema hajawahi kupendwa hivyo.

Agosti 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali mjini Embu, na kila mara alimuuliza muuguzi kama mipira ya kupitishia damu imekazwa. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Ameacha mjane wake Ednah Ruguru, watoto wake Kinya na Mwendwa, mkwewe Gachoki, wajukuu wawili, na kaka yake Mithika. Tunamwombea apumzike mahali pasipo na mteremko wala hofu. Kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, miaka hiyo ya mwisho alizoea kuongea kwa kelele, hata kanisani. Lakini asubuhi ile ya mwisho alimshika Ruguru kidole kimoja, akasema kwa sauti ndogo ambayo muuguzi aliyesimama karibu hakuisikia:

"Naogopa. Usitoke."