Mizani ya Kaunta Namba Tatu

Ndugu waombolezaji, kabla ya kuzisoma tarehe za maisha ya mama yetu, familia imeomba watajwe kwanza waliokuwepo siku ile, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mbele ya kaunta namba tatu ya ukumbi wa abiria, nao ni marehemu mwenyewe, shoga yake wa kaunta namba nne, mkuu wa kituo, fundi wa mizani, mumewe aliyeshuka mbio kwenye trekta ya mizigo aliposikia kelele, abiria mia moja thelathini na wanane wa ndege ya asubuhi, na mkaza mwana wake, ambaye ndiye anayewasomea, aliyekuwa amefika na mtoto mgongoni kumletea sketi ya kazi aliyompunguzia kiuno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1966, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona nguo, mwaka uleule shirika letu la ndege la taifa liliporusha ndege yake ya kwanza, ya pangaboi mbili na viti ishirini na nane, jambo alilopenda kulisema kwa madaha, kwamba yeye na shirika ni mapacha, ila yeye hajawahi kuchelewa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akamaliza sekondari mwaka 1984, akajifunza kazi za ukarani, na tarehe 2 Mei 1988 akaajiriwa na shirika kupokea abiria, wakati huo likiwa na ndege saba, tikiti zikiandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaboni. Bibi aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba rubani haioni mizigo, anaona namba tu, na namba zinatoka kaunta, kwa hiyo karani akikosea, ndege inapaa na uongo tumboni. Marehemu alilishika neno hilo, hakuwa na cha mjomba wala cha shangazi kwenye kilo, abiria wakambandika jina la Mama Kilo, na hata mkuu wa kituo, aliye hapa, aliwahi kufunguliwa begi mbele za watu na kuambiwa, "Baba, viatu hivi ama uvivae, ama uviage."

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na dereva wa trekta ya mizigo, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1994, sasa ni fundi umeme, na wa kike mwaka 1998, sasa ni mwalimu, na mjukuu mmoja wa miezi tisa.

Mwaka 2003 shirika liliyumba, ndege zote zikasimama isipokuwa moja, ofisi zikahamishwa mara tatu, na katika hamahama hiyo likapotea jiwe la chuma la kilo ishirini, lililotumika kila asubuhi kuihakiki mizani. Marehemu hakungoja kuletewa jingine, alipanda mwenyewe juu ya mizani na viatu vyake vya kazi, ikasoma sabini na sita, akavuka kwenda kliniki ya uwanja, ikasoma sabini na sita, akarudi akasema, "Haya, jiwe ni mimi." Shirika likainuka tena, likapata ndege mpya za jeti, likaweka kompyuta, kaunta zikafika kumi na mbili, lakini Mama Kilo aliendelea kupanda mizani kila asubuhi, na kwa miaka ishirini na mmoja hakuongezeka wala hakupungua, wenzake wakimwamini kama saa ya ukutani.

Mwezi Oktoba mwaka jana mizani ilisoma sabini na tatu, akaandika katika daftari la hitilafu kwamba imelegea. Desemba ikasoma sitini na tisa, akaandika tena, kwa wino mwekundu safari hii, akahamia kaunta namba tano, nayo ikasema yaleyale, akasema zote zimeharibiwa na watu wanaozigeuza benchi. Fundi wa mizani alizifungua na kuzifunga mara mbili, hakuona kosa, akaagiza jiwe jipya ili ubishi uishe.

Nyumbani nako macho yalikuwepo lakini hayakuona. Mkaza mwana aliipunguza sketi ile vidole viwili mwezi Novemba, na vidole vinne mwezi Januari, akaambiwa ni ngazi na kumbeba mjukuu, akacheka, akashona. Mezani marehemu alikuwa akimsogezea sahani yake, "Kula wewe unayenyonyesha, mimi nimeshashiba harufu," na sisi tukaona ni upendo, na kweli ulikuwa upendo, lakini chakula nacho kilikuwa hakipiti.

Siku ile ya Februari mizani ilisoma sitini na nne, marehemu akakataa kufungua kaunta, akasema ndege haipai kwa kilo za kubahatisha. Abiria walipiga kelele, mmoja akasema, "Mama, si utupime sisi tuondoke!" na mkuu wa kituo akaja na hasira zake. Ndipo fundi alipoingia na jiwe jipya begani, akaliweka, ikasoma ishirini, akalihamishia kaunta namba nne, ishirini, akamwomba marehemu apande tena, sitini na nne. Fundi akamshika mkono kama mwanawe, akasema taratibu, "Mama, mizani haiumwi." Marehemu akaitazama ile namba, akasema, "Kumbe mbovu ni mimi," kisha akafungua kaunta, akawahudumia abiria wote mpaka wa mwisho, ndipo akakubali kupelekwa kliniki.

Iligunduliwa kuwa ni saratani ya tumbo, imeshasambaa. Alilazwa hospitali kuu, wodi namba sita, na alipomwona mkaza mwana analia, alimwambia, "Usijilaumu, mwanangu, mimi mjuzi wa kilo nimepitwa, sembuse wewe wa sindano na uzi." Alifariki Alhamisi tarehe 27 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya ishirini na moja tangu asubuhi ile ya kaunta, nasi tungali tumeduwaa, hatujui hata pa kuanzia kuamini.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi wa wodi namba sita aliyemchana nywele kila asubuhi bila kuombwa, majirani waliotulelea mtoto, shoga yake wa kaunta namba nne aliyelala kitini siku tisa, mkuu wa kituo aliyekuja kumtaka radhi, na fundi wa mizani, ambaye anaomba msamaha kila anapotuona, leo tunamwambia mbele ya watu wote kwamba hana kosa, ndiye aliyetuambia ukweli.

Mama, umesimama miaka thelathini na sita, sasa lala, pumzika, uwe na amani.

Jana Jumatatu, kliniki ya uwanja iliwapima uzito wafanyakazi wote wa ukumbini na wa mizigo, sitini na wanne, ikalinganisha na kadi zao za zamani, na watatu wameambiwa wamwone daktari Ijumaa.