Ovide Chaisson, Aliyetuanzishia Sala

Tuseme ukweli: bado hatuamini. Jumapili iliyopita alituongozea ibada. Leo tunamsomea wasifu.

Ovide Chaisson alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 hapa hapa Bayou Cheniere, Louisiana, akabatizwa katika kigango hiki cha Mtakatifu Eulalia. Shuleni alichapwa kwa kuongea Kifaransa cha nyumbani badala ya Kiingereza. Aliacha masomo akiwa na miaka kumi na sita, akawa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli hadi alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 3 Juni 1972 alimwoa Verna Guidroz. Verna husema alimkubali kwa sababu ndiye mchumba pekee aliyeomba aongezewe gumbo, ule mchuzi wetu mzito, aliyopika mama yake Verna, na siku hiyo chumvi ilikuwa imesahaulika.

Mwaka 1994 padri wetu alihamishwa, wala hakuletwa mwingine. Askofu akaruhusu kigango kibaki wazi maadamu yupo mtu wa kuongoza ibada, na Ovide akakubali. Alifundisha watoto wetu, akawapelekea wagonjwa Komunyo, akawaombea marehemu wetu wote. Baada ya kile kimbunga kikubwa kilichojaza maji kanisani aliongoza ibada juu ya pikapu yake, amevaa tai na buti za mpira. Mara nyingi alimwomba mkewe aongoze walau fungu moja la rozari.

"Wewe sali, mzee wangu," Verna alimjibu. "Mimi niachie masufuria."

Kuhusu ugonjwa hatuna la kusema, maana hakuugua. Jumanne tarehe 11 Februari 2025 alikunywa kahawa, akainama kufunga kamba za viatu, hakuinuka tena. Verna alidhani ni utani wake.

Kinachofuata hakimo kwenye kijitabu mlichoshika, kimetokea jana jioni. Kwenye mkesha tulikaa tukingoja rozari ianze. Tulingoja mpaka ikawa aibu, ndipo tukagundua kwamba sote tunamngoja Ovide, naye yumo jenezani. Hakuna aliyethubutu kuanza. Binamu yake Alcée akanong'ona kwamba basi, kigango kimekwisha. Verna akamsikia. Alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akaanza. Alichanganya matendo ya rozari, akaongeza Salamu Maria mbili pasipohitajika, akafika mwisho.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, Curtis na Noelie, wajukuu watano, na sisi.

Mungu akupumzishe, Ovide. Kesho ibada ni saa tatu asubuhi kama kawaida. Ataongoza Verna.