Jina la Juu Kulia

Walimu wa kwaya na waimbaji wenzangu, Bwana awape amani. Mwenyekiti amenipa dakika tano, na ninavyopenda kusema mnanijua, kwa hiyo nianze na aibu kwanza.

Kuna mwaka nilikauka. Mimi ambaye watu wote wa kijiji chetu cha Kaagya walizoea kupata wimbo mpya kila sikukuu, nilikuwa nafungua kompyuta, naitazama mistari mitano ya nota, nafunga. Programu ya kuandikia nota naijua vizuri, lakini haitungi. Mnaodhani inatunga, mtaumbuka.

Ndipo akaja mama mjane kutoka Muleba. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya, akaacha daftari la nyimbo alizoandika kwa mkono, nalo limeanza kuliwa na mchwa. Akaniomba nizipige chapa. Ndugu zangu, wimbo wa kwanza tu ulinitoa machozi.

Sasa sikilizeni. Programu yangu nimeipanga hivi: nikifungua ukurasa mpya, jina langu linajiandika lenyewe juu kulia, mahali pa mtunzi. Nilitakiwa kulifuta. Sikulifuta. Nikajiambia nitalifuta kesho, nikautuma wimbo kwenye kundi la walimu, kwenye simu. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa napongezwa hadi na watu nisiowajua, na kesho ile haikufika.

Pasaka tukaalikwa kuimba parokiani kwa yule mama, na wimbo ule tukauimba. Baada ya misa akanifuata, macho yamelowa, ameshika karatasi ya nota.

"Mwalimu waitu," akaniita kwa heshima ya Kihaya, "leo nimemsikia mzee wangu. Mimi shule sikwenda. Nionyeshe jina lake lilipo, niliguse."

Nawaambia ukweli, kidole changu kilianza kwenda juu kulia. Hakujua kusoma! Angeligusa jina langu, angeshukuru, tungeagana vizuri. Nikashindwa.

"Mama, halipo. Nimeandika langu."

Akanirudishia ile karatasi. Kisha akasema, "Basi nenda kaandike lake." Heri angenitukana.

Nilirudi nikafuta, nikaandika la marehemu, nikautuma upya kila nilikokuwa nimeutuma, pamoja na maelezo ya nilichofanya. Wengine wenu mlinijibu vikali, na nilistahili. Nikaacha ualimu wa kwaya, nikakaa sauti ya pili miezi mingi, naimba nikiwa nimeinamisha kichwa.

Namshukuru mama yule, aliyenijia tena na daftari la pili akasema, "Malizia kazi." Nawashukuru waimbaji wangu, mlionirudisha mbele kabla mimi mwenyewe sijajisamehe. Nanyi mnaoandika kwa kompyuta, jina la mwenye wimbo liandikeni kabla ya nota ya kwanza. Mkisema kesho, mmekwisha.

Wiki iliyopita nimetunga. Ni wimbo mfupi, na besi bado inachechemea. Lakini siku mtakapouimba, hakuna mtu kanisani nitakayemkwepa macho.